Jina Lililomtoka Rimma

Rodion Feofanovich alipoingia ukumbi wa kiwanda cha matairi kuwaonyesha wafanyakazi sataranji, macho yake hayakwenda kwenye ubao mkubwa wa sataranji ukutani. Yalimwangukia Ndugu Shubnikov wa kamati ya siasa, ameketi mstari wa mbele na koti lake la baridi mwilini. Ukumbi ulikuwa na joto la tanuri, na mtu yule hakuvua koti.

Zamani Rodion alikuwa bingwa. Ujana ulipomwacha akawa kocha, kisha wakampa ukuu wa chama cha sataranji mkoani, na ofisi yenye simu. Sasa roho yake yote ilikuwa kwa mwanafunzi wake, Rimma, aliyetakiwa kwenda kucheza Ubelgiji. Ruhusa ilikuwa kwa Shubnikov, naye hajasema ndiyo wala hapana.

"Mwalimu, tuonyeshe ule mchezo wako wa Leningrad!" fundi mmoja akapaza sauti. "Ule uliomtoa mtu jasho!"

Watu wakacheka. Rodion naye akacheka, jicho moja kwa Shubnikov. Siku ile alimfunga Vadim Lyudovin, na Lyudovin baadaye alikwenda mashindanoni Uholanzi asirudi. Tangu hapo jina lake halikuandikwa gazetini wala kutajwa hadharani. Aliitwa mpinzani, basi.

"Haya. Mimi nina kete nyeupe, mpinzani ana nyeusi."

"Kwani huyo mpinzani mama yake hakumpa jina?" akauliza yule yule fundi.

Safari hii waliocheka walikuwa wachache.

Rimma alisimama kando ya ubao na fimbo ndefu, akisogeza kete. Mchezo ule alilelewa nao tangu utotoni, kama watoto wengine wanavyolelewa na hadithi. Rodion aliposita kidogo, akitafuta maneno, msichana akamsaidia kama walivyozoea darasani.

"Hapa Lyudovin alipeleka farasi, Mwalimu."

Shubnikov akafunga kifungo cha juu cha koti.

"Binti," akasema kwa upole, "nani kakufundisha jina hilo?"

Rimma akawa mwekundu mpaka masikioni. Rodion angeweza kusema kalisikia mtaani, na kiti chake kingebaki chake. Akamtazama mtoto wa watu, fimbo bado mkononi.

"Ni mimi," akasema. "Kila siku darasani. Yeye anarudia anachoambiwa tu, Ndugu Shubnikov. Hakujua kama ni kosa."

"Hakujua." Shubnikov akalizungusha neno mdomoni. "Basi, binti, nenda nyumbani ukafungashe. Utasafiri na kocha mwingine. Nawe Rodion Feofanovich, maliza mchezo wako, watu wanakungoja. Na gari langu lipo nje, linakungoja pia."

Rimma akamkabidhi fimbo, akataka kusema kitu.

"Nenda, mwanangu. Nenda upesi."

Mlango ukafungwa nyuma yake. Rodion akainua fimbo, akasogeza farasi mweusi, akaanza kueleza polepole, akitafuta njia ndefu kuliko zote ya kumfikia mfalme.