Shamba la Laure

Jumamosi ya levée, yaani ya kuondoa matanga, saa nne asubuhi, viti vya plastiki vilikuwa vimeshapangwa chini ya hema nyumbani kwa Spès, mtaa wa Mutakura, na Fanta zilikuwa zimelowekwa kwenye mapipa ya maji baridi. Mwaka mmoja ulikuwa umetimia tangu mume wake, Térence, azikwe. Térence mwenyewe alikuwa sebuleni, ameketi kwenye kochi, amevaa shati lake la Pasaka, akisubiri amalizwe.

Ndivyo walivyo wafu wa mtaa ule. Mtu akishazikwa hurudi nyumbani kungoja siku ya kuondoa matanga, na siku hiyo mkubwa wa ukoo hugawa vitu vyake mkono kwa mkono, kimoja kimoja, mbele ya watu. Kila kitu kikipata mwenyewe, marehemu hupungua kidogo. Cha mwisho kikitolewa, kiti kinabaki kitupu na watu wanaanza kula. Jirani yao mmoja, fundi cherehani, alikwisha kabla supu haijapoa.

Mkubwa wa ukoo alikuwa Xavier, kaka yake Térence, mwalimu mstaafu anayependa orodha kuliko anavyopenda chakula. Alisimama mlangoni mwa sebule ili walio ndani na walio nje wamsikie. Baiskeli ilikwenda kwa binamu, na miguu ya Térence ikaondoka. Redio ilikwenda kwa dada yake, na magoti yakafuata. Kisha zikaja kaseti.

Térence alikuwa mtunza ghala katika bohari moja ya saruji kule Zone Industrielle, na kwa miaka kumi kila mapumziko ya mchana alikula mkate upesi upesi ili apate muda wa kucheza. Konsoli yake, mashine ya kuchezea michezo ya video, ilikuwa ya mkononi, ya kuenea kwenye mfuko wa koti la kazi, na alikuwa na kaseti kumi na moja za michezo, kila moja ndogo kama ukucha wa kidole gumba, zimelala katika kisanduku cha sabuni. Ya mpira wa miguu alipewa Moubarak, fundi wa magari, rafiki yake wa tangu utotoni. Moubarak aliipokea kwa mikono miwili, akasema Mungu amurehemu, na kiuno cha Térence hakikuonekana tena. Kaseti ya kumi na moja ilipopata mwenyewe, kilichobaki kwenye kochi kilikuwa kichwa, mabega na mikono. Spès alichukua kitenge akafunika pale palipokuwa na magoti, maana wageni walikuwa wengi.

Ikabaki fungu moja tu, la Laure. Laure alikuwa na miaka tisa, mtoto wao wa pekee, na fungu lake lilijulikana na kila mtu, kwa sababu Térence alilitangaza mwenyewe akiwa kitandani hospitali: shamba ni la Laure.

Lilikuwa shamba la ndani ya konsoli. Térence alilinunua miaka mitatu kabla ya kufa, na hakulinunua kwa kaseti. Kaseti ilibidi uagize kwa mtu anayetoka Dubai, umngoje, halafu uanze kumtafuta kwenye simu. Hili alilipakua mchana mmoja akiwa ofisini, akarudi nyumbani akijisifu kwamba safari hii amenunua kitu ambacho hata vumbi haliwezi kukiingia. Usimcheke. Alilipa, akapata risiti, na risiti iliandikwa asante kwa kununua.

Katika shamba lile mtu aliweza kusimamisha vibao na kuandika atakacho. Kila mchana, kati ya mifuko ya saruji, Térence alisimamisha kibao kimoja, na kila jioni Laure alipewa konsoli dakika kumi akisome. Huko ndiko alikojifunzia kusoma. LAURE, FUNGUA MLANGO WA MBUZI. MAMA AKIPIKA LENGALENGA, KULA, MIMI PIA SIPENDI. LEO MVUA IMENIPIGA, LAKINI NIKO SAWA. Vilikuwa vimefika mia saba na kitu, vimepangwa kandokando ya njia hadi kisimani.

Xavier aliichukua konsoli, akamkabidhi Laure mbele ya watu wote.

"Na shamba iko ndani," akasema.

Watu wakapiga makofi. Térence akafumba macho kama mtu anayejiandaa kwa safari. Makofi yakaisha, na yeye akafumbua macho akajikuta bado yupo.

Walimpa Moubarak konsoli aikague, kwa kuwa ni fundi. Aliigeuza, akafungua kijimlango cha nyuma, akapuliza ndani.

"Hii mchezo haina kaseti," akasema.

"Ali-télécharger kwenye internet," Spès akamwambia. "Lakini alinunua. Mi mwenyewe niliona."

"Basi iko wapi, shemeji?"

Hakuna aliyejua iko wapi. Xavier alitazama orodha yake, ambayo ilikuwa na mstari mmoja usiokatwa, akaamua watu waanze kula, maana chakula kilikuwa kinapoa.

Wiki iliyofuata Térence mwenyewe aliiandikia kampuni iliyomuuzia shamba. Kalamu hakuweza kuishika tena, lakini vitufe vya konsoli vilimtii kama zamani. Aliandika kwa Kifaransa kizuri cha ofisini kwamba yeye ndiye mwenye akaunti, kwamba alifariki mwezi wa tatu mwaka jana, na kwamba anaomba shamba liandikwe kwa jina la binti yake. Jibu lilikuja baada ya siku mbili. Kampuni ilimpa pole kwa msiba wake. Ilieleza kwamba alichonunua si shamba bali ruhusa ya kulitumia, na kwamba ruhusa hiyo haiuzwi, haigawiwi wala hairithiwi, bali inaisha na mwenyewe. Mwishoni ilimwomba apime huduma aliyopata kwa nyota. Térence alitoa nne, kwa sababu aliyemjibu alikuwa na adabu.

Moubarak alipopita kusalimia, akasomewa barua, hakuona tatizo.

"Mutoto si anajua mot de passe, ile neno ya siri? Acheze tu. Nani atamuona?"

"Kutumia si kupewa," Xavier akamjibu. "Akitumia jina ya baba yake, kitu ingali ya baba yake. Na baba yake ndiye huyu, mwangalie."

Térence, kwenye kochi, alikubaliana na kaka yake. Alikuwa mtunza ghala, alijua tofauti ya mtu mwenye mzigo na mtu mwenye ufunguo.

Basi wakaishi hivyo. Kila siku Laure alirudi kutoka shule, akakaa karibu na baba yake, wakafungua shamba pamoja. Spès alikuwa ameshavua nguo za msiba, kwani levée ilikuwa imefanyika, lakini alikuwa mjane mwenye mume sebuleni, na watu wa kanisani hawakujua wamsalimie vipi. Térence alikuwa amechoka. Spès alimjua, aliliona hilo. Mtu aliyekufa anataka kupumzika kama vile mtu aliyetoka kazini anavyotaka kuvua viatu, naye hata viatu hakuwa navyo tena.

"Baba Laure, tufute hiyo jeu ya shamba, uende," alimwambia siku moja akichambua mchele.

"Nikienda bila kumupatia, nimemuzulumu."

Spès hakurudia tena neno lile. Aliendelea na mchele wake na machozi yakamtoka, akayaacha yatoke.

Mwezi wa tisa kampuni iliandika tena, safari hii bila kuulizwa. Konsoli ile ilikuwa imepitwa na wakati. Duka lake lingefungwa, na michezo inayohifadhiwa kwenye kompyuta za kampuni, shamba likiwemo, ingezimwa Alhamisi ya mwisho ya mwezi saa tisa alasiri. Kampuni iliwashukuru wateja wake kwa miaka mizuri waliyokuwa pamoja.

Spès alinunua daftari. Laure akaanza kunakili vibao, kuanzia getini kuelekea kisimani, kwa mwandiko wake mkubwa unaokula karatasi. Alinakili vitatu au vinne kwa siku, kwa sababu kila kibao alichokinakili alitaka kwanza kukizungumzia na baba yake. Alipofika cha hamsini Xavier aliletwa ajaribu kuligawa daftari kama fungu. Daftari likawekwa mikononi mwa Térence, Térence akampa Laure mbele ya mashahidi, na hakuna hata kidole kilichoondoka. Yale yalikuwa maandishi ya Laure, alikwisha kuwa nayo.

Alhamisi ile Laure aliomba ruhusa shuleni akarudi mapema. Mwalimu alipouliza sababu, akasema shamba la baba yake linafungwa, na mwalimu akamwandikia kikaratasi. Waliketi watatu kwenye kochi. Mbuzi walikuwa nje ya zizi. Laure aliandika kwa haraka kuliko siku zote, mpaka akaacha kuchora mistari ya kutenganisha vibao. Saa tisa kamili shamba likasimama, mbuzi mmoja mguu ukiwa hewani, kisha kioo kikawa cheusi na maneno yakatokea kwamba mchezo huu haupatikani tena. Vilikuwa vimenakiliwa vibao themanini na saba.

Spès alimtazama mume wake, akingoja. Alidhani kwamba kitu kisipokuwepo, na deni lake halipo. Lakini kichwa kilibaki pale pale, na mabega, na mikono. Sasa hakukuwa na kitu cha kumpa mtoto, wala hakutakuwa nacho, na Térence alielewa hivyo wakati mmoja na mkewe.

Aliiweka konsoli chini.

"Laure," akasema, "unisamehe. Mi nilizani nilinunua."

"Si we, papa," Laure akamwambia.

Jumapili Xavier alikuja na orodha yake. Alisikiliza, akasema hawezi kukata mstari ambao fungu lake halikutolewa, na hawezi kuuacha wazi maana hautafungwa kamwe. Akaikunja karatasi akairudisha mfukoni, akaomba chai.

Térence yupo hadi leo. Spès amemnunulia mto wa kuegemea. Kila siku Laure akitoka shule humfungulia daftari, naye hujaribu kukumbuka vibao vilivyobaki, kile cha kando ya mparachichi kilisema nini, kile cha siku ya umeme kukatika kilisema nini. Siku nyingine anakumbuka kimoja, siku nyingine hakumbuki, anatunga. Laure anajua vya kutunga ni vipi, kwa sababu havina makosa ya haraka ya mapumziko ya mchana. Anaviandika vyote.