Dobi wa Takwimu

Mtaalamu wa takwimu na shemeji yake, mume wa dada yake, walikuwa hawapikiki chungu kimoja, na wakapewa ofisi moja. Walichunguza nyota za nyutroni zinazozungukana mbilimbili, nyota mfu zilizobaki vijitonge vizito ajabu, kwa setilaiti inayoona eksirei. Shemeji ndiye aliyekuwa mkuu wa maabara. Yeye, mtaalamu, alifua.

"Kufua" lilikuwa neno lao. Setilaiti huzunguka dunia kwa dakika tisini na sita, na kila mzunguko dunia huikinga isiione nyota kwa muda. Takwimu zisipofuliwa, yaani vipindi hivyo vya giza visipotolewa, mtu atadhani nyota yenyewe ndiyo inayofifia.

Miaka miwili alifua bila jina lake kuandikwa popote. Siku alipouliza kikaoni, shemeji alicheka.

"Dobi haandikwi jina kwenye shati la mtu."

Watu wakaangua kicheko. Yeye akarudi mezani akimchukia mtu yule kwa moyo wake wote. Takwimu za nyota mpya zilipofika, alimkabidhi zilivyo, bila kuzifua, na alipoulizwa kama ziko tayari, akasema ziko tayari.

Shemeji, ambaye hakuwahi kufua hata leso, hakukagua. Akatangaza kwenye kila mlango kwamba amegundua nyota mbili zinazozungukana kwa dakika tisini na sita. Mkuu mzima, setilaiti yake mwenyewe, na asishtuke! Tamaa ilimziba macho.

Asubuhi ya kuwasilisha ugunduzi mbele ya kamati, dada mtu alipiga simu kumsihi awahi, asikose mwanzo. Akamjibu kwa ukali kwamba hana haja ya kwenda kusoma jina la mumewe ukutani, akakata. Alichelewa makusudi, akaketi nyuma, akingoja kwa raha zake.

Haikuchukua muda. Mama mmoja wa kamati, miwani imemshuka puani, aliuliza kwa upole, "Setilaiti yenu inazunguka dunia kwa dakika ngapi?"

"Tisini na..." akaanza shemeji. Jasho likamtoka. Macho yake yalizunguka ukumbini mpaka yakamwona yule wa nyuma akitabasamu, akaelewa yote. Hakubisha. Aliirudisha ukutani picha ya kwanza kabisa ya wasilisho, yenye majina ya waandishi.

Mwandishi wa kwanza alikuwa dobi mwenyewe, jina lake kamili pamoja na la baba yao. La shemeji lilikuwa chini yake, kwa herufi ndogo. Dada yake alikuwa amemkalia mumewe kooni wiki nzima mpaka akakubali.

"Kazi ni ya huyo pale," alisema shemeji. "Shemeji, simama uwaeleze."

Alisimama. Ukumbi mzima ukageuka kumtazama. Yule mama akachukua kalamu, akamwomba alitaje jina lake polepole, herufi kwa herufi, asije akalikosea.