Siku Mama Alipoulizwa Kuhusu Kiwanda

Baba alikuwa fundi rangi katika kiwanda pekee cha magari nchini. Wenzake walimwita Kioo, maana kwenye mlango uliopita mikononi mwake mtu angeweza kujitazama akanyoa ndevu. Mama alikuwa mkunga katika hospitali ya mji uleule. Walipendana waziwazi hadi sisi watoto tukaona haya. Baba alirudi akinuka thina ya kuchanganyia rangi, mama akamfukuza akaoge huku anacheka, naye akamkumbatia kwanza, makusudi.

Kiwanda kilianza kuyumba magari ya mitumba yalipojaa bandarini. Yalikuwa ya bei nafuu na watu wakayapenda. Hata waziri aliyekuja kutuhubiria uzalendo alishuka kwenye gari la ng'ambo. "Angalau angeliegesha mbali," baba alisema. Zamu zikapunguzwa, kisha mishahara ikaanza kuchelewa. Wakurugenzi wakaiomba serikali iwaokoe, na Bunge likatuma kamati ije isikilize wananchi. Wafanyakazi wakamchagua baba awe msemaji wao.

Nyumbani jambo hilo halikukosa mezani.

"Hela hizo wakiwapa nyinyi, wanazitoa wapi?" mama aliuliza. "Wodini kwangu wazazi wanalala wawiliwawili kitanda kimoja."

"Na kiwanda kikifa, kodi ya kununulia hivyo vitanda atalipa nani, mama watoto? Wenye mitumba?"

"Haya, mmeokolewa mwaka huu. Mwakani je?"

"Mwakani tutakuwa tumesimama. Tunataka nafasi tu."

Mama alimwongezea mchuzi, maneno yakaishia hapo. Hakuna aliyenuna. Nadhani kila mmoja alijua mwenzake ana hoja.

Siku ya kamati, ukumbi wa mji ulifurika. Baba alivaa koti lake zuri, akasema bila karatasi.

"Waheshimiwa, hatujaja kuomba sadaka. Wengi wetu hatujui kazi nyingine. Mkitufungia, msidhani mnafunga geti tu. Mnafunga duka la jirani, mnawatoa watoto shuleni, mnaingia mpaka vyumbani mwetu."

Alipigiwa makofi hadi mwenyekiti akalazimika kugonga meza.

Mama aliingia mwishomwishoni, bado amevaa sare ya kazi. Mwenyekiti alinong'onezwa kwamba yule ni mke wa msemaji, akatabasamu.

"Mama, na wewe tuambie. Tuwaokoe hawa au tusiwaokoe?"

Alitaka neno tamu la kufungia kikao, basi. Nilikuwa nimekaa nyuma ya baba, nikamwona mama anafungua mdomo, anaufunga, anaufungua tena.

"Mheshimiwa, watoto wangu wamesomeshwa na kiwanda hiki," alisema. "Lakini leo asubuhi mzazi mmoja amenifia mikononi. Alihitaji oksijeni, mitungi yote ilikuwa mitupu. Ameacha mtoto hata jina hajapewa. Kama mfuko wa serikali ni mmoja, siwezi kusimama hapa niwaambie mwanze na magari."

Baba hakugeuka. Niliona shingo yake tu, ikikakamaa.

Jioni redio zote zilirudia sauti ya mama. Wiki chache baadaye serikali ilitangaza kwamba haitatoa fedha, na katika kueleza sababu ikasema hata familia za wafanyakazi zimeona afya itangulie. Kiwanda kikafungwa. Wanaume waliozoea kukaa barazani kwetu wakaanza kupita bila salamu. Mmoja alimwambia baba usoni, "Mkeo mwenyewe hukuweza kumshawishi, ungeishawishi serikali?"

Baba hakumkemea mama hata siku moja, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

"Nigombeze basi," nilimsikia mama akimwambia chumbani. "Sema chochote."

"Nikugombeze kwa lipi? Ulisema kweli."

"Sikupanga, baba watoto. Nilikuwa nimetoka kumfunika yule mama shuka."

"Najua. Ndiyo maana sina hata pa kupelekea hasira yangu."

Kisha nikasikia kilio, na haikuwa sauti ya mama.

Baba akaenda mji mwingine kwa mdogo wake, kupaka rangi mageti na madirisha ya chuma. Alisema ni kwa muda. Matumizi alituma, salamu alituma. Mwenyewe hakurudi.

Na oksijeni haikuja. Mama alifunga safari hadi wizarani, si mara moja. Wakamwambia zile fedha ambazo kiwanda kilinyimwa hazikuwahi kutengwa kwa ajili ya hospitali, kwa hiyo hakuna cha kuhamisha.

"Sasa mbona mlitumia maneno yangu?" aliwauliza.

Wakamwambia asubiri bajeti. Alinisimulia hayo akiwa amesimama katikati ya sebule, mkoba begani, kama mtu asiyejua pa kuuweka.

Nilipoolewa, baba alikuja. Alikuwa amekonda, mvi zimemjaa. Mpiga picha aliwapanga yeye na mama bega kwa bega. Mama aliona kola yake imejikunja kwa nyuma, mkono ukaenda wenyewe, akainyoosha.

Baba alishtuka. "Asante, dada," alisema, kwa adabu kabisa.

Nadhani alisikia mwenyewe alichosema. Alimgeukia mama kama anayetaka kujirekebisha, lakini mpiga picha akatuambia tutazame mbele, tukatazama.

Jioni baba aliaga, asije akachelewa basi la kurudi. Mama alimsindikiza hadi stendi. Nilisimama mlangoni nikawaangalia wakienda kwa miguu, polepole, wameacha katikati yao nafasi ya mtu mzima kupita.