Matairi Mapana ya Baba Chinatsu

Mume wangu Eikichi akitaka jambo, halisemi. Hulizunguka kama paka anayezunguka sahani ya samaki. Majuzi alikuwa akiacha majarida ya magari wazi juu ya meza ya kulia, kila moja kwenye picha ya gari la michezo lenye matairi mapana nyuma na membamba mbele. Mimi nayafunga, naweka bakuli la supu juu yake.

"Mama Chinatsu," akaanza hatimaye, "hivi umeyaona makalio ya gari la Takeuchi?"

"Nimeyaona. Na tumbo la Takeuchi nimeliona. Vyote vimezidi."

Gari letu ni dogo, la viti viwili, linalosukumwa na matairi ya nyuma. Tulilinunua binti yetu Chinatsu alipoolewa akahamia Osaka. Kusema kweli lilikuwa langu. Eikichi aliendesha basi hapa Maebashi maisha yake yote, na alipostaafu alisema usukani umemtosha. Jumapili asubuhi nilikuwa napanda nalo Mlima Akagi, yeye kando yangu anamenya machungwa na kunilisha. Huko juu tunawakuta kina Takeuchi, wapenda magari wenzetu, na magari yao, wanakunywa kahawa ya kopo na kupigana mikwara. Nilikuwa na furaha ambayo sikuipata hata usichanani.

Halafu ikaja Jumapili moja ya mvua. Kwenye kona iliyojaa majani yaliyolowa, nyuma ya gari iliteleza ikachomoka kando, tukazunguka, tukasimama tumeelekea tulikotoka. Hakuna aliyeumia. Lakini niliuona uso wa Eikichi, na tangu siku hiyo sikuugusa usukani. Gari likafunikwa turubai. Nilimwambia magoti yananisumbua. Uongo mtupu. Niliogopa kumuua mume wangu.

Kwa hiyo habari za matairi mapana ziliniuma. Nilijua analipamba gari ili apate mnunuzi, na sikuwa na uso wa kumkataza. Nikamfuata hadi dukani kwa Sayoko Yanagida, muuza matairi niliyesoma naye sekondari, ambaye mdomo wake haujapata breki mpaka leo.

"Masumi shoga, umepotea," Sayoko akasema. "Nikuuzie nini?"

"Muulize huyu. Anataka nyuma pana. Urembo wa kuuzia gari."

"Nani kasema linauzwa?" Eikichi alikuwa akitazama sakafu. "Nyuma ikiwa pana inashika barabara, haichomoki ovyo. Nilitaka uendeshe tena. Basi."

Aibu ilinipanda mpaka masikioni.

"Miaka yote hii ya ndoa, bado mnahitaji muuza matairi awapatanishe," Sayoko akasema. "Sasa sikilizeni. Shemeji, mapana yanashika kweli, lakini anayeendesha ni mkeo. Shule ya udereva ya kaka yangu hufungwa Jumatatu. Tutapanga koni na kumwaga maji uwanjani, Masumi ajaribu mapana, kisha ajaribu manne yanayolingana upana. Atakayoyapenda ndiyo hayo."

Jumatatu ilipofika niliingiza ufunguo mara tatu ndipo ukakubali. Eikichi alibaki pembeni na mwavuli. Nilimkataza kupanda.

Tulianza na mapana. Gari lilitulia kweli. Nilipokata kona, pua ilitaka kwenda mbele, lakini nyuma haikutikisika. Nikaongeza mwendo, kimya. Nikaongeza tena, kimya. Kisha, bila dalili yoyote, nyuma ikachomoka yote kwa mkupuo, nikaikanyaga koni na kuiburuta mpaka kwenye majani. Nilizima injini nikakaa pale. Ilikuwa ileile hofu ya mlimani.

"Koni nitakudai," Sayoko akapiga kelele, akileta jeki.

Akafunga manne yanayolingana. Safari hii nyuma ilianza kuteleza mapema, lakini polepole, na niliisikia kiunoni kabla ya macho kuona chochote. Nikageuza usukani kuifuata ilikokwenda, nikapunguza mafuta kidogo. Ikarudi. Nikadhani ni bahati. Nikarudia kwa makusudi, kulia, kisha kushoto, na kila mara ilirudi. Nilijikuta nacheka peke yangu ndani ya gari. Kifua kilifunguka kwa mara ya kwanza tangu ile mvua.

"Nataka haya," nikawaambia.

Eikichi alikunja uso. "Lakini haya ndiyo yanateleza zaidi."

"Yanateleza, ila yananiambia kwanza. Yale mapana ni kama wewe, Baba Chinatsu. Kimya, kimya, halafu mtu anashtukia tu."

Sayoko alicheka mpaka akashika jeki asianguke. "Tena haya utayahamisha ya mbele nyuma, ya nyuma mbele, yaishe sawasawa. Mimi ndiye ninayekosa biashara hapa."

Eikichi hakucheka. Alifunga mwavuli, akazunguka gari, akafungua mlango wa abiria na kuketi, viatu vyake vikichuruzika maji.

"Shuka," nikasema. "Nikikosea je?"

"Siku ile mlimani uliutazama uso wangu," akasema. "Ulidhani naogopa kufa."

"Sasa ulikuwa unaogopa nini?"

"Niliiona mikono yako ilivyouachia usukani. Nikajua hutanichukua tena mlimani."

Nililia palepale, bila kujificha, na kila chozi lilinipunguzia mzigo. Yeye akanisubiri. Kisha nikajifuta kwa mkono wa sweta, nikawasha injini, nikamwambia afunge mkanda.

Alikuwa ameshaufunga.