Mwezi Kumi na Tano, Lango Limefungwa

Kila Jumapili shemeji yangu Riyadh alitandaza ramani ya bahari juu ya meza ya chakula, na kila Jumapili mimi ndiye niliyeondoa sahani ili Ufaransa ipate nafasi. Ilikuwa Herndon, Virginia, Julai ya mwaka tisini na nane, nyumbani kwake na dada yangu Safa. Niliishi nao nikimlea binti yao wa miaka mitano.

Riyadh alifanya kazi ya kompyuta karibu na uwanja wa ndege wa Dulles. Mwenzake wa ofisini, Peterson, alikuwa na mashua ya matanga kusini mwa Uingereza. Mpango ulikuwa twende kwa ndege mpaka huko, kisha tuvuke sote watano kwa mashua mpaka Ufaransa. Mimi niende kwa ajili ya mtoto. Viza yangu ilishatoka, na viatu vya mpira nilishanunua.

Kilichobaki kilikuwa kuchagua bandari ya kwanza huko.

"Si twende tu Cherbourg?" Safa alisema. "Mwenyewe umesema mtu anaingia saa yoyote."

"Cherbourg ni meli za vita na malori, mama. Saint-Vaast ni kijiji, kuna chaza, na mashua zinalala maji yametulia kwa sababu wana lango. Maji yakijaa wanalifungua, yakipwa wanalifunga, maji ya ndani hayatoki. Peterson anasema Cherbourg ni ya waoga."

Akishatajwa Peterson, ubishi nyumba ile ulikuwa unaishia hapo.

Basi ikawa Saint-Vaast, Jumamosi tarehe mosi Agosti, kufika saa kumi na nusu jioni. Riyadh aliandika 4.30 kwa penseli pembeni mwa ramani. Kitabu chake cha saa za maji kujaa na kupwa kilionyesha siku hiyo yanajaa saa kumi na moja. Kweli lango lingekuwa wazi, sikuwa na neno.

Halafu Peterson akapata kazi ya dharura, safari ikasogezwa wiki moja. Riyadh akafuta tarehe mosi, akaandika tarehe nane. Ile 4.30 hakuigusa. Niliiona nikifuta makombo.

Sikusema siku hiyo. Mimi si mtu wa kukurupuka. Niliingia jikoni, kwenye kalenda tuliyopewa na duka la nyama ya halali, ile yenye tarehe za Kiislamu chini kwa wino mwekundu. Tarehe mosi Agosti ilikuwa mwezi nane, yaani siku ya nane tangu mwezi uandame. Tarehe nane Agosti, mwezi kumi na tano.

Mama yangu analima mwani Jambiani, Unguja, na mimi nimelima naye tangu nilipomaliza darasa la saba. Mlima mwani haulizi saa, anauliza mwezi ni wa ngapi. Mwezi nane ni maji mafu, hayaji mbali wala hayaendi mbali. Mwezi kumi na tano ni bamvua, yanakuja mpaka mlangoni na kurudi mpaka usiyaone. Na saa zao ni kama mtu na mkwewe: mmoja akiingia, mwengine anatoka; saa ile maji mafu yanapojaa, ya bamvua yameshapwa.

Jumapili iliyofuata nilileta chai, nikasimama.

"Shemeji, hapo saa kumi na nusu maji yatakuwa yametoka yote. Lango litakuwa limefungwa."

Riyadh akacheka mpaka akaweka kikombe chini. "Saa kumi na nusu? Nunu, saa kumi na nusu tutakuwa hotelini, tumeshakula chaza, tunakoroma!"

Safa naye akatabasamu. Sikufahamu wanacheka nini, mpaka nikakumbuka kwamba Riyadh aliondoka Unguja hajaanza shule. Maneno yote anayo, lakini saa zake ni za Virginia. Yeye kumi ni kumi.

Nikaenda ukutani, nikaishusha saa, nikaiweka juu ya ramani, katikati ya bahari. Nikabandika kidole kwenye nne na nusu.

"Hii ndiyo saa kumi na nusu. Wakati huu tutakuwa nje ya lango, tunayumba mpaka giza, na mwanao anatapika hata kwenye gari la kwenda hapo Germantown tu."

"Peterson amevuka mara kumi na moja."

"Avuke ya kumi na mbili. Mimi sipandi, na mtoto sitampandisha."

"Basi baki! Darasa la saba unanifundisha bahari?" Sasa hakuwa anacheka. "Tiketi yako itarudishwa kesho."

Nilitaka safari ile, sisemi uongo. Viatu vilikuwa chini ya kitanda changu, vina karatasi ndani.

"Irudishwe," nikasema. "Lakini kitabu fungua. Tarehe nane, si tarehe mosi. Fungua mbele ya mkewe wangu, huyu."

"Mkewe wako nani?" Safa akaangua kicheko.

"Mkeo! Umeona, dada, amenitia hasira mpaka Kiswahili kimenitoka."

Safa hakungoja. Alikivuta kitabu, akalowesha kidole, akafunua. Alisoma polepole, midomo inacheza. Kisha akakigeuza kumwelekea mumewe na kukisukuma kwa kidole kimoja.

Riyadh alisoma mara mbili: jioni ya tarehe nane, maji kupwa. Akaitazama saa juu ya bahari, akanitazama mimi, akachukua simu.

"Peterson? Sikiliza, nimefikiria upya. Twende Cherbourg…"

"Nani kafikiria?" nikasema.

Akaziba simu kwa kiganja. "Nunu, tafadhali."

"Nani kafikiria, shemeji?"

Nilibaki nimesimama na birika mkononi, linanichoma, sikulitua. Riyadh akavuta pumzi, akamwambia kwa Kiingereza, polepole, hata mimi nikaelewa yote: si mimi, ni shemeji yangu, ndiye aliyeona. Upande wa pili Peterson akauliza kitu. Riyadh akajibu, "Hapana, hana chuo. Ni mkulima wa mwani."

Alipokata simu alisema, bila kuniangalia, "Tiketi yako ibaki. Utakaa na mtoto kule chini, chumbani mwa mashua."

"Kule chini utakaa naye wewe, babake," nikasema, nikammiminia chai. "Mimi nitakaa juu, nitazame maji."