Kazi ni Kuinuka

Asubuhi ile nilipiga magoti pembeni ya kitanda kama kawaida yangu, nikaomba, nikasema amina. Nilipotaka kuinuka, miguu ikakataa.

Sikuwa na maumivu. Miguu ilikuwepo, lakini kama ya mtu mwingine. Nilishika godoro, likateleza. Nilivuta kiti cha cherehani, nacho kikataka kuniangukia. Mimi ni fundi wa nguo, na chumba changu ndicho karakana yangu: ghorofa ya pili, dirisha la barabarani, na cherehani ya miguu inayonilisha tangu mume wangu akiwa hai. Miaka yote hiyo niliamini kwamba kukanyaga cherehani ni mazoezi tosha. Basi nikabaki pale chini nikaanza kuomba upya, safari hii nikiombea magoti.

Mlango ukagongwa. Alikuwa mteja wangu, mpishi wa shule ya jirani, mwanamke wa rika langu, amekuja kujaribu gauni lake.

"Pita, mlango uko wazi," nikasema.

Akaingia, akaniona, akashusha sauti. "Samahani, dada. Endelea tu, nitasubiri."

Nikaona aibu kumwambia. Nikafumba macho nikitumaini kwamba atachoka, atatoka. Badala yake nikasikia kishindo laini. Naye amepiga magoti kando yangu! Tukakaa hivyo, mimi najifanya naomba, yeye anaomba kweli. Mwishowe akaninong'oneza, "Dada, una mzigo gani mzito namna hii?"

"Mzigo ni mimi mwenyewe. Nimeshindwa kuinuka."

Akaweka mkono sakafuni, akasukuma, akarudi palepale. "Mungu wangu," akasema. "Hata mimi."

Tulicheka mpaka machozi yakatutoka, na kicheko kikatumalizia hata zile nguvu chache tulizobaki nazo. Hivyo ndivyo mwanangu alivyotukuta. Ni karani, na huwa anapita kunisalimu akielekea ofisini. Alituinua mmoja mmoja huku akihema. Yeye hakucheka.

"Mama, sasa basi. Mwisho wa mwaka unahamia kwangu. Chumba cha chini kipo. Ngazi basi, kushona basi. Utapumzika."

"Nipumzike nini? Mimi sijachoka."

"Mama, nimekuokota sakafuni."

Kwa hilo sikuwa na jibu. Mkwe wangu ni mtu mwema, na wajukuu wakiniona hunirukia shingoni. Lakini chumba cha chini nilikijua, hakina nafasi ya cherehani. Ningekuwa mgeni wa kudumu, wa kuulizwa kila asubuhi kama amelala vizuri. Nilitaka kuzeeka nikiwa na kazi yangu na funguo zangu mfukoni.

Mwanangu alipoondoka, mpishi alikuwa bado anasugua magoti yake. "Si wanasema mtaka cha mvunguni sharti ainame?"

"Kuinama si kazi," nikamjibu. "Kazi ni kuinuka."

"Basi nisikilize. Pale shuleni kwetu, jioni, kuna mwalimu anawafundisha wanawake wa umri wetu kunyanyua vyuma. Nimekuwa nikichungulia dirishani naona haya kuingia. Twende, dada. Haya ya watu wawili ni nyepesi."

Mwalimu wa mazoezi alikuwa na nywele nyeupe pe na mgongo ulionyooka kama rula. Tulimwita Mama Chuma, naye alilipenda jina hilo. Siku ya kwanza nilikwenda na sketi ndefu na viatu vya ibada. Akanitazama kuanzia juu hadi chini, akaniletea kiti.

"Kaa. Sasa simama bila kushika kitu."

Nilifaulu kusimama mara ya tatu, tena kwa kujitupa mbele.

"Msiogope," akatuambia sote. "Mwanamke akishapita umri wa kuzaa, misuli inaanza kuaga polepole. Isipopewa kazi, inaondoka. Ikipewa, inarudi hata kwa bibi wa miaka themanini. Lakini inataka uzito. Kupunga mikono hewani ni kumpungia mtu kwaheri."

Akatuambia pia tule mayai, maharage na samaki, maana misuli haijengwi kwa chai. Na siku moja ya mazoezi ifuatwe na siku ya kupumzika. Mpishi alilipenda hilo la mwisho kuliko mengine yote.

Kutoka kwenye kiti tukahamia vyuma vidogo, na kutoka vidogo tukaenda vya kati. Kuna asubuhi nilishuka ngazi zangu kinyumenyume kwa maumivu ya mapaja, jirani akaniuliza nimesahau nini juu. Lakini niliendelea. Kabla ya kila chuma nilifanya jambo moja ambalo kwangu lilikuwa la kawaida kabisa: nilifumba macho, nikabana pumzi, nikamwomba Mungu kimoyomoyo, ndipo nikanyanyua. Na kila mara niliyumba. Jioni moja niliyumba na chuma mkononi hadi nikamkalia mpishi mapajani.

"Shemeji zangu hawajawahi kunikalia hivi," mpishi akasema. "Ondoka, mwanamke!"

Mama Chuma hakucheka. Alikuja akasimama mbele yangu. "Mama, unafumba macho kwa nini?"

"Naomba nguvu."

"Ni vizuri. Lakini ukifumba macho, mwili haujui sakafu iko wapi. Na ukibana pumzi, utazimia. Fumbua macho. Mungu hasikii kwa kope."

"Na pumzi?"

"Unaponyanyua, itoe. Sema neno lolote."

Neno nililokuwa nalo mdomoni ni moja tu. Nikatazama mbele, nikainua chuma, nikasema, "Amina!" Kikapanda bila kuyumba. Mpishi akajaribu. "Amina!" Baada ya wiki ukumbi mzima ulikuwa unaitika, na mlinzi wa shule akauliza hili ni kanisa gani jipya.

Mwisho wa mwaka ulifika. Asubuhi hiyo nilikwenda sokoni na mpishi kununua mayai. Tuliporudi tulikuta gari dogo la mizigo mlangoni. Mwanangu amekaa kwenye ngazi ya kwanza, shati limelowa jasho, na miguuni pake kuna kichwa cha cherehani yangu, chuma kitupu, cheusi, kizito kama dhambi. Meza yake bado ilikuwa juu.

"Nani kakuambia uishushe?" nikamuuliza.

"Mama, si tulikubaliana mwisho wa mwaka?"

"Ulikubaliana na nani? Wewe ulisema. Mimi nilinyamaza."

"Mama, tafadhali. Gari linasubiri."

"Naomba uirudishe, mwanangu."

Akashika kiuno. "Mgongo wangu umeisha. Nani ataipandisha tena?"

"Mimi."

Alicheka, halafu akaona kwamba sicheki. "Haya. Ukiifikisha juu bila kushikwa na mtu, namrudisha mwenye gari na maneno haya hayasikiki tena. Ukishindwa, unaingia kwenye gari bila ubishi."

"Sawa," nikasema. Chuma kizito hivyo sikuwa nimewahi kukibeba nikipanda ngazi. Nilimpa mpishi mayai. Nikatanua miguu, nikashusha makalio kama ninayekaa kwenye kile kiti cha siku ya kwanza, nikakumbatia cherehani kifuani, nikatoa pumzi.

"Amina."

Ikainuka. Nikapanda. Mwanangu alinifuata nyuma, mikono ameitanua kama mtu anayemfuata mtoto anayejifunza kutembea. Penye kona ya ghorofa ya kwanza niliiegemeza ukutani kidogo nikavuta hewa. Kwenye ngazi za mwisho mapaja yalianza kutetemeka, na macho yakataka kujifumba yenyewe, kwa mazoea ya miaka yote. Nikayakodoa. Niliomba hivyohivyo, nikiitazama kila ngazi. Sijui kama nimewahi kuomba kwa makini kuliko pale.

"Amina," nikasema nilipoiweka juu ya meza yake.

"Amina!" mpishi akaitika mlangoni, na mayai yote mazima.

Mwanangu alikaa kitandani. "Siku ile niliwakuta mnacheka," akasema, "lakini mimi niliona kama nimechelewa kufika. Toka hapo, simu ikilia ofisini nashtuka."

Sikuwa nimefikiria hilo. Nilikaa karibu naye, nikamshika mkono, ule mkono wa kalamu, laini kama unga. "Nisamehe kwa kukutia hofu, mwanangu. Nitakuja kwako kila Jumapili, na nitalala. Lakini nitarudi."

"Nimeona, mama."

"Basi tushukuru."

Tukapiga magoti watatu pembeni ya kitanda. Nilishukuru kwa ajili ya cherehani, ngazi, Mama Chuma na mayai. Tuliposema amina niliweka mguu mmoja mbele, nikatoa pumzi, nikasimama bila kushika kitu. Mpishi akasimama akijisifu.

Mwanangu alishika godoro. Likateleza. Akashika kiti. Akatutazama.

"Mama," akasema polepole, "hilo darasa ni la wanawake tu?"

Chini, mwenye gari akapiga honi. Nilichungulia dirishani nikamwambia avumilie kidogo, kuna mtu bado amepiga magoti.