Yai Lenye Tundu la Sindano

Mayai yalipopanda bei, watu wa nyumba ile walishuka heshima. Mume, fundi umeme, alianza kuchungulia sahani za wenzake. Wifi mtu akawa anakunywa chai mara mbili, ya kwanza jikoni na ya pili mezani. Mama mkwe, fundi cherehani, ndiye aliyezidi. Trei aliihamishia chumbani kwake, chini ya meza ya kukatia nguo, na kila yai akalitia alama kwa chaki yake ya kuchorea vitambaa. Yai likawa bibi harusi, halionekani ovyo.

Aliyeiona joto ya jiwe ni mkamwana. Alikuwa na mimba ya miezi saba, na huyo wa tumboni hakutaka kingine ila yai la kuchemsha. Angeweza kuomba, lakini tangu aolewe hajamwomba mama mkwe hata chumvi, na hakutaka kuanza na yai. Jumapili asubuhi, mama mkwe alipotoka kupeleka gauni la mteja, akaingia akachukua moja. Alilichemsha ndani ya birika la chai, mjanja huyo. Aliona uzi mweupe ukitoka kwenye kitundu kidogo, akadhani limepata ufa tu. Akalila bafuni mbiombio, maganda akayafukia kwenye takataka.

Mchana, wote wakiwa mezani, mama mkwe alinawa mikono na kusema taratibu:

"Wanangu, mayai yangu yanaibwa. Basi jana nilichoma moja kwa sindano, nikalitia sumu ya panya. Mwizi tutamjua."

Wifi akacheka. Mume akaguna kwamba huo si mzaha wa kufanya kwenye nyumba yenye mjamzito. Mkamwana hakucheka wala hakuguna. Alianza kusikia tumbo likimkata, au alidhani linamkata, na alipopeleka mkono kumtafuta mwanawe, kimya. Mara ya mwisho alicheza lini? Hakumbuki. Aliogopa, jamani, aliogopa kweli. Akisema, ataitwa mwizi maisha yake yote katika nyumba hii. Asiposema, huenda akamzika mwanawe kabla hajamwona. Mficha uchi hazai, wahenga hawakukosea.

"Mama," alisema, "ni mimi. Nimelila asubuhi. Lilikuwa na tundu."

Mama mkwe uso ulimshuka. Aliapa kwamba sumu hakutia, alitoboa tu kwa sindano ili mwizi akiliona tundu aingiwe na hofu. Mume alimwambia mama yake kwamba sasa anajitetea. Basi yule mama akakimbilia chumbani, akarudi na mayai matatu yaliyobaki, akayapasua mbele yao na kuyanywa mabichi, ute ukimchuruzika kidevuni. Wakatulia kidogo. Kisha mkamwana akasema polepole:

"Hayo hayana tundu, Mama. Lenye tundu nimelila mimi."

Mama mkwe alipekua kapu la vitambaa hadi chini, akatoa pakiti ya sumu. Ilikuwa imefungwa vilevile ilivyotoka dukani. Mume aliikagua juu chini, akaketi sakafuni na kushusha pumzi. Lakini hofu haisomi pakiti. Mtoto alikuwa bado hajacheza. Mama mkwe akapiga magoti, akaweka kiganja juu ya tumbo la mkamwana, akawa anamsihi mjukuu wake kwa sauti ya chini ampige bibi teke, hata la usoni, maana anastahili. Chakula kikapoa. Wifi hakucheka tena. Teke lilipokuja, lilikuja kwa nguvu, na wanawake wale wawili wakalia wameshikana kama waliofiwa.

Kesho yake mama mkwe alimletea yai la kuchemsha kwenye sahani. Mkamwana alishukuru, akalichukua, na kabla ya kulimenya akaligeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha. Mama mkwe aliona. Alilichukua, akalimenya, akauma nusu na kuimeza, kisha akamrudishia nusu iliyobaki.

Tangu siku hiyo hampi mkamwana wake chakula bila kukionja kwanza, na mkamwana hajawahi kumwambia kwamba inatosha.